Kabla ya kushitaki mtu, angalia kable

*Maneno ya mwanamemba anayeangalia mashini za buro yetu ya Baraka, mbele ya mkutano mkuu. Tumeyaandika kama alivyoyasema. Tumepunguza tu sehemu ya maswali.*



Mzee Prezida amenipa dakika thelathini nieleze kwa nini koneksio ya buro ilikuwa inakufa na kufufuka tangu mwezi wa pili mpaka mwezi wa nne. Nimekubali. Lakini mjue mbele: haya si masomo ya mashini tu. Ndani yake kuna kosa, na hilo kosa ni langu. Nitalisema hapa mbele ya wote, kwa sababu mtu mwingine alilibeba kwa ajili yangu.

Kwanza tukumbushane ile intaneti ni ya nini. Si ya kuchezea. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, tukaacha wazazi na wadogo kule Nyarugusu. Njo kwa ile koneksio ya buro Mama anamwona mjukuu wake kwenye simu siku ya Posho, saa mbili ya asubuhi ya hapa, na kule Kasulu ni saa tatu. Njo kwa hiyo Mama Mwekahazina anatuma ripoti kwa wafadhili. Njo kwa hiyo vijana wanajifunza kuandika kwenye mashini. Ikikatika, hakuna anayesema "mashini imeharibika". Watu wanasema "komite imekula pesa ya mega".

Ilivyoanza

Mwezi wa pili tulipokea zawadi: kompyuta sita na ruta moja. (Sisi wa kutoka Tanzania tunasema kompyuta, waliobaki huku wanasema ordinateri, ni kitu kimoja.) Tulifurahi sana. Tukaziweka kwenye chumba cha vijana. Sasa ruta yetu kubwa, ile ya karte ya SIM iliyo ukutani kwa buro, ina matundu manne tu ya kable. Kompyuta sita haziwezi kuingia. Mimi nikawaza: hii ruta ya zawadi iko na matundu yake, basi naivutia kable kutoka kwa ruta kubwa, naifanya kama tawi. Nikachomeka, taa zikawaka, nikajaribu mashini moja, ikafunguka. Nikafunga mlango, nikaenda nyumbani. Sikuandika popote kama nimeongeza kitu.

Wiki ileile malalamiko yakaanza. Na yalikuwa ya ajabu. Mashini ya Mama Mwekahazina inakubali leo, kesho inakataa. Katika chumba cha vijana, mbili zinafungua, nne hazifungui, kisho yake zinabadilishana. Simu inaonyesha WiFi imejaa kabisa, lakini haifungui kitu. Ukizima na kuwasha, pengine inapona, pengine hapana.

Nikanunua mega nyingine. Bure. Nikapandisha ruta juu kidogo ishike mnara vizuri. Bure. Nikabadilisha kable. Bure.

Halafu mtu mmoja akaleta habari: "Usiku koneksio inakuwaka muzuri sana. Kijana wa mulango anaangaliaka video mupaka asubui. Huyu mutoto anauzishaka mega za shirika usiku, njo maana muchana hazibaki."

Tukaenda kuangalia. Ni kweli, usiku simu yake ilifungua bila shida. Kwetu ikawa ushahidi. Komite ikamnyang'anya funguo, ikamsimamisha wiki tatu bila motisha yake. Mimi nilikuwa kwenye kile kikao. Niliulizwa: "Wewe fundi, unaona namna gani?" Nilijibu: "Inawezekana." Neno moja tu. Lakini lilitoka kwa mtu ambaye wote waliamini anajua.

Mambo hayakupona. Kijana hayuko, koneksio bado mbaya. Tarehe ya ripoti ikafika, Mama Mwekahazina akahangaika siku mbili, mwisho akaweka fayili kwenye kle, akaenda kulipa kwenye butiki ya intaneti mjini. Ripoti ilichelewa, na awamu ya pili ya msaada ikachelewa nayo. Jamaa tano zilizokuwa zinangoja mabati zililowa na mvua ya mwezi wa nne. Mnazijua. Ziko hapa ndani.

Daftari la binti mmoja

Nilipoona nimechoka kubahatisha, niliwapa vijana wa masomo daftari. Nikasema: kila mara mashini ikikubali ao ikikataa, andikeni saa, mashini gani, na namba yake ya rezo. Namba hiyo ni hivi: unafungua dirisha jeusi la "cmd", unaandika *ipconfig*, inakuonyesha. Kwenye simu unagusa jina la WiFi, unaikuta chini.

Siku ya tatu, binti mmoja wa kundi la asubuhi akaniuliza: "Baba, mbona hizi zenye kukubali zote ziko na 192.168.1, na zenye kukataa zote ziko na 192.168.0?"

Nilikaa chini. Nikaelewa yote kwa mara moja, na nikasikia haya.

Ngoja niwaeleze kwa kitu tunachokijua. Mnakumbuka siku ya kufika kambini: unapanga mstari, unakuta meza, mtu anakupa karatasi yenye namba, anakuonyesha zone yako na njia ya kupita. Mashini nayo ni hivyo. Ikiwashwa inaita kwa sauti ndani ya rezo nzima: "Nani atanipa namba?" Ruta inajibu: "Chukua hii, na ukitaka kutoka nje, pitia kwangu." Kazi hiyo ya kugawa namba wataalamu wanaiita DHCP.

Hizo namba za 192.168 ni za ndani tu, kila buro duniani inaweza kuzitumia. Kanuni yake iliandikwa mwaka 1996, ule ule mwaka wengi wetu tulivuka ziwa. Namba za mtindo ule hazifiki hata bilioni 4.3 kwa dunia nzima, haziwezi kutosha kila mashini. Kwa hiyo ndani tunatumia za ndani, na ruta moja inatutolea wote nje.

Sasa mimi nilifanya nini? Niliweka meza ya pili bila kujua. Ile ruta ya zawadi, kama ruta nyingi, imetoka kiwandani ikiwa tayari kugawa namba. Mashini ikiita, zinajibu mbili. Anayejibu wa kwanza ndiye anayesikilizwa. Ukipata namba ya ruta kubwa, 192.168.1, unatoka nje. Ukipata ya ruta ya zawadi, 192.168.0, unaambiwa "pitia kwangu", na yeye hana mlango wa nje, hana SIM, hana chochote. Unafika ukutani. Na kwa sababu rezo ni moja, hata simu iliyoshika WiFi ya ruta kubwa inaweza kupewa namba na ile nyingine. Njo maana WiFi imejaa na hakuna kitu kinachofunguka.

Na usiku? Usiku sheria yetu ni kukata umeme wa chumba cha vijana, kulinda bateri za sola. Ruta ya zawadi inazimika. Inabaki meza moja, ile ya kweli. Kijana wetu anafika jioni na simu yake, anapewa namba nzuri, inafungua. Asubuhi saa mbili tunawasha chumba, meza ya pili inafunguliwa, fujo inarudi.

Mnaona, wandugu? Kile tulichokiita ushahidi wa wizi kilikuwa dalili ya ugonjwa. Kilikuwa kinatuonyesha wazi mahali pa kutafuta. Tukakitumia kumhukumu mtu.

Niliomoa ile kable mbele ya vijana. Tukazima mashini zote, tukawasha. Ya Mama Mwekahazina ilifungua. Kisha niliingia ndani ya ruta ya zawadi, nikaizuia kugawa namba, nikaipa namba yake ya kudumu, 192.168.1.2, isiyogongana na zile ambazo ruta kubwa inagawa. Nikairudishia kable, kwenye tundu la kawaida, si lile la rangi tofauti la kuingizia intaneti. Sasa inafanya kazi niliyoitaka tangu mwanzo: ni tawi tu, na mashini zote sita zinafungua. Hatukulipa hata franka moja.

Hatua za kufuata intaneti ikikataa

Nimeziandika kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani. Zinatoka karibu kwenda mbali. Usiruke.

*Kwanza, uliza: ni mashini moja ao zote?* Kama ni moja, shida iko kwake. Kama ni zote, shida iko kwa ruta ao mbele yake. Kama ni baadhi, leo hizi kesho zile, kumbuka hadithi niliyowapa.

*Pili, umeme.* Taa ya ruta inawaka? Bateri ikishuka sana, ruta haifi moja kwa moja. Inazimika na kujiwasha, inazimika na kujiwasha, na wewe unafikiri ni mnara. Pima bateri, ao uliza anayeangalia sola.

*Tatu, kable.* Omoa, rudisha mpaka usikie "tak". Pale inapoingia kuna taa ndogo. Haiwaki, kable haifanyi kazi. Ndani ya ile kable kuna nyaya nane ndogo. Mlango ukiikanyaga kila siku, ao panya akionja, uzi mmoja ukikatika yote inayumba. Tena isipite metre 100.

*Nne, namba.* Tazama *ipconfig*. Kwetu lazima ianze na 192.168.1. Ikianza na 192.168.0 ao nyingine tusiyoijua, kuna mtu amefungua meza ya pili: mtafute. Ikianza na 169.254, maana yake mashini iliita, haikujibiwa na mtu, ikajipa namba yenyewe. Rudi kwenye kable na umeme.

*Tano, iite ruta.* Andika *ping 192.168.1.1*. Ikijibu, ndani kuko sawa. Usiguse tena kable za buro, shida iko nje.

*Sita, ita nje.* Andika *ping 8.8.8.8*. Hiyo ni namba ya mashini za Google, zinajibu kutoka popote. Ruta ikijibu na hii isijibu, sasa njo wakati wa kuuliza mega na mnara. Si mbele. Mega zinaangaliwa kwenye ukurasa wa ruta yenyewe, na tarakimu zinaonekana. Hakuna sababu ya kubahatisha wala kusingizia.

*Saba, majina.* Kama 8.8.8.8 inajibu lakini ukurasa haufunguki kwa jina lake, basi kitabu cha majina kimepotea. Mashini inajua njia, haijui nani anakaa wapi. Ingia kwenye mipango ya rezo, mahali pa DNS andika 8.8.8.8 ao 1.1.1.1. Tazama pia tarehe ya mashini. Ile ya tatu pale kwa vijana, pile yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika inarudi nyuma miaka mingi. Mashini yenye tarehe ya uongo, kurasa za usalama zinaikataa. Unarekebisha saa, inafungua. Watu wawili walishaniita "virusi, virusi!", kumbe ni saa.

Mwisho wa yote, andika kwenye daftari: saa gani, mashini gani, umeona nini, umefanya nini. Hata kama imepona yenyewe. Hasa kama imepona yenyewe, kwa sababu itarudi.

Kwa wafadhili wetu

Ninyi mnaotutumia vifaa, tunawashukuru kwa kweli. Zawadi ile haikuwa na ubaya wowote, ubaya ulikuwa kuifunga bila kuisoma. Lakini tunaomba mambo mawili. Moja, mtuambie mbele nini kinakuja, tuangalie kama kinaingia kwenye rezo yetu na kama bateri zetu zinakiweza. Kompyuta sita zinakula umeme, na sola yetu ilihesabiwa kabla hazijafika. Pili, mkitoa mashini, mfikirie pia bei ya kumfundisha mtu wa kuitunza. Mimi nilijifunza kwa kuangalia wengine kule kambini na kwa kuharibu. Nyingine nimeiharibu hapa kwenu, mmesikia.

Na kuhusu ripoti iliyochelewa: hatukuwaficha kitu, haikuwa uzembe wa Mama Mwekahazina. Alifanya zaidi ya kazi yake.

Neno langu la mwisho

Siku ile niliyoomoa kable, jioni nilienda kwa mama wa yule kijana. Nilikuta wanakula, wakanikaribisha, na hilo ndilo lilinivunja zaidi. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Mama yake alinijibu: "Baba, mashini inaweza kupona kwa siku moja. Jina la mutoto wangu nani atalitengeneza?"

Sikuwa na jibu, na leo sina. Ila nilimwambia: mahali nililipoharibia, njo hapo nitasimama kulitengeneza. Lilichafuliwa kwenye kikao, basi nimeomba kikao.

Kwa hiyo, kijana wangu, najua umekaa pale nyuma karibu na dirisha. Mbele ya wazee wako, mbele ya wamama, nasema: hukuiba. Hukuuza hata mega moja. Mimi nilikuwa na kosa, na nilisema "inawezekana" wakati nilipaswa kusema "sijui bado". Unisamehe.

Komite imekwisha kukubali, na Mzee Prezida ataweka kwenye kura, mambo matatu. Kwanza, funguo zinarudi kwake leo hii, na motisha ya wiki tatu analipwa yote. Pili, hakuna mtu wa kuongeza kitu kwenye rezo, hata mimi, bila kuandika kwenye daftari na kumwonyesha mwingine. Tatu, mtu asishitakiwe kwa jambo la mega ao mashini kabla hatua saba hazijafuatwa na kuandikwa.

Mnajua sisi tumetoka wapi. Tulikaa miaka mingi mahali ambapo kila mtu alimchungulia jirani: nani amepewa, nani amejiandikisha mara mbili, nani ameuza posho. Tumerudi na ile tabia ndani ya mizigo yetu. Ukiona kitu kinapotea, jicho linatafuta mtu kabla ya kutafuta sababu. Mimi fundi nilifanya hivyo, na nilikuwa na kila chombo cha kutafuta sababu.

Binti wa daftari ameomba nimfundishe zaidi. Kuanzia mwezi ujao tunaanza kundi la vijana wanne, siku ya Jumamosi mchana, kujifunza kufunga na kutengeneza rezo ndogo. Na kijana wa mlango ameandikwa wa kwanza, akipenda mwenyewe. Anayetaka mtoto wake aingie, amwone Mama Sekretere.



*Kura ilipigwa baada ya maswali. Mambo yote matatu yalikubaliwa, na funguo zilirudishwa mbele ya mkutano.*